Mkanda wa Abiria wa Nyuma

Basi la kwenda Mbeya likishaipita Ruaha Mbuyuni, hata abiria aliyelala tangu Morogoro huamka. Mlima Kitonga umefika. Upande mmoja kuna ukuta wa mwamba, upande wa pili kuna bonde, na katikati barabara yenye kona zinazofuatana, ambako malori yenye makontena hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Watu hunyamaza. Wengine huomba kimoyomoyo. Basi likishafika Ilula, nyanya na vitunguu vikionekana pembeni mwa barabara, mazungumzo hurudi na hofu husahauliwa. Katika dakika zile za ukimya, ni wachache mno wanaopeleka mkono kando ya nyonga kuutafuta mkanda.

Nataka kumzungumzia abiria huyo wa siti za katikati na za nyuma. Dereva ana mkanda na trafiki anamtazama. Aliyeketi pembeni ya dereva naye hujifunga, walau kwa kuogopa faini. Wale arobaini au hamsini walio nyuma yao ndio wengi, ndio wanaojaza orodha za majeruhi na za marehemu, na ndio ambao kwa miaka mingi hatukuwahi kuwaambia kwa uwazi kwamba mkanda ni wao pia.

Barabara yenyewe inastahili kuelezwa kwanza, maana hatari ya Nyanda za Juu Kusini ina sura yake. Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wa walowezi mwezi Novemba 1965, Zambia ilibanwa upande wa kusini ikahitaji njia ya kufikia bahari kupitia Dar es Salaam. Barabara ya vumbi ya wakati huo, iliyopitisha malori ya mafuta usiku na mchana, iliua madereva wengi. Ndipo ikajengwa barabara ya lami ya Tanzania na Zambia, ile tunayoiita TANZAM. Tangu hapo kazi yake kubwa haijabadilika: inapitisha shaba ya Zambia na ya Kongo kwenda bandarini, na mafuta na bidhaa kurudi Tunduma. Juu ya kazi hiyo ikabebeshwa nyingine. Wanafunzi, wagonjwa, wafanyabiashara wa mpunga wa Mbarali, wakulima wa viazi na wasafirishaji wa mbao za Mufindi wote wanapita humo humo. Basi la abiria, Kosta ya Makambako, Haisi ya Mbalizi na bajaji ya Uyole zinagawana njia mbili nyembamba na lori lenye tela lililobeba tani makumi.

Kisha kuna milima. Mji wa Iringa uko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari na Mbeya iko karibu mita 1,700, na kati yake barabara inapanda na kushuka. Ukitoka Mbeya kwenda Tunduma unashuka Iwambi hadi Mbalizi. Ukitoka Uyole kwenda Tukuyu na Kyela unakutana na kona na ukungu wa Isyonje. Lori zito likishuka mteremko mrefu huku dereva akiikanyaga breki mfululizo, breki hupata moto, na breki zikishapata moto sana hazishiki tena. Wapo madereva wanaotoa gia wakaliachia gari lijiendee ili kuokoa mafuta, na hapo msaada wa injini katika kupunguza mwendo unakuwa umetupwa. Chini ya mteremko kuna watu. Ndivyo Mbeya ilivyozika makumi ya watu mwaka 2018, mwezi Julai na tena Septemba. Ndivyo ilivyokuwa Mbembela, eneo la Simike, tarehe 5 Juni 2024. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 7 Juni 2025, watu 28 walipoteza maisha kwenye mteremko wa Iwambi, pale lori lililoshindwa kusimama lilipoyavamia magari mengine likiwemo basi dogo la abiria.

Msomaji anaweza kuuliza: mkanda unahusiana vipi na lori lililofeli breki? Swali ni la haki, na nitalijibu bila kuupa mkanda sifa usizostahili.

Chukua gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa kwenye maeneo ya makazi kama Mafinga mjini au Uyole. Linakata karibu mita 14 kila sekunde. Wewe uliyeketi ndani unakwenda mita hizo hizo 14 kwa sekunde, ingawa umetulia unachezea simu na unaona kama huendi popote. Gari likigonga kitu, linaanza kusimama. Pua yake inakunjamana, na kule kukunjamana kunaliongezea nafasi kidogo ya kupunguza mwendo. Wewe bado hujaguswa na chochote. Aliyewahi kuona pikapu ya viazi vya Isyonje ikifunga breki ghafla anajua kitakachofuata: gari linasimama, viazi vinaendelea na safari. Mwili wako unaendelea kwa mwendo ule ule hadi ukutane na kitu cha kuusimamisha, na kitu hicho kwa kawaida ni chuma cha siti ya mbele, nguzo ya dirisha, kioo au kichwa cha mwenzako. Baada ya hapo kuna mgongano wa tatu ambao hauonekani kwa macho. Ubongo unagonga fuvu. Ini, wengu na mshipa mkubwa wa damu unaotoka moyoni vinavutwa kutoka mahali pake. Ndiyo maana majeruhi anaweza kutoka ajalini akitembea, akakaa chini ya mti akaomba maji, kisha akafariki kabla hajafikishwa hospitali. Damu ilikuwa inavujia ndani.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo kazi yote ya mkanda ilipo. Mtu wa kilo 60 anayekwenda kilomita 50 kwa saa anabeba nguvu sawa na ya mtu anayeanguka kutoka mita 10 juu, yaani kama ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 80 kwa saa, kikomo cha basi kwenye barabara kuu, kimo hicho kinafika mita 25, sawa na ghorofa ya nane. Nguvu hiyo lazima iishe. Swali ni iishie wapi na kwa umbali gani. Akiwa amejifunga, katika ule mwendo wa kilomita 50, mwili wake husimama pamoja na gari: pua ya gari inakunjamana, mkanda unavutika kidogo, na jumla ya umbali wa kusimama inaweza kufika sentimita 60 hivi. Kani inayomkamata ni kama uzito wa tani moja, na inagawanywa kwenye mifupa ya nyonga, kifua na bega, sehemu zenye uwezo wa kuistahimili. Asipojifunga, anasimamishwa na chuma ndani ya sentimita tano. Kani inapanda hadi karibu tani 12, na safari hii inapokewa na paji la uso, shingo au goti. Mtu ni yule yule, gari ni lile lile na ajali ni ile ile. Tofauti imeletwa na umbali wa kusimama, na umbali huo ndio mkanda unaokupa.

Shirika la Afya Duniani, WHO, limekuwa likieleza kwamba mkanda hupunguza uwezekano wa dereva na abiria wa mbele kufa kwa asilimia 45 hadi 50, na kwa walioketi nyuma hupunguza vifo na majeraha makubwa kwa asilimia 25. Kuna watakaosema robo ni kidogo. Mimi nasema waende kwenye wodi ya majeruhi katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya au ile ya mkoa Iringa, wamwulize muuguzi yeyote kama kupunguziwa robo ya majeruhi mahututi ni kidogo.

Kuna aina ya ajali ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoufanya mkanda uwe wa lazima zaidi katika milima yetu kuliko mahali pa tambarare, nayo ni gari kupinduka. Basi likitoka barabarani kwenye kona, au tairi likipasuka karibu na Igawa, au dereva akikwepa lori lililoharibika likaachwa limewekewa matawi tu kama alama, mara nyingi gari halisimami kwa kugonga. Linalala ubavu, linabiringika. Kupinduka huchukua sekunde kadhaa, na katika sekunde hizo abiria asiyefungwa anarushwa darini, anatupwa upande wa pili wa basi, anaangukia wenzake, vioo vinavunjika, na mwisho anatoka nje kupitia dirishani. Kutupwa nje ya gari ni miongoni mwa mambo yanayoua zaidi katika ajali zote, kwa kuwa unaanguka kwenye lami au mwamba, na gari lenyewe linaweza kukuangukia. Mkanda wa kiunoni wa kawaida, hata ule usiopita begani, unakubakisha kwenye siti yako. Basi likitulia, una nafasi ya kuwa na fahamu, kujifungua, kutoka na kumvuta jirani. Kwenye vipande virefu vya barabara hii, kati ya mji na mji, msaada wa kwanza hutoka kwa abiria wenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote kufika.

Asiyejifunga pia anawadhuru waliojifunga. Kilo 70 za mtu wa siti ya nyuma zikija mbele kwa kasi ya gari zinamkuta aliye mbele yake amebanwa na mkanda, hana pa kukwepea. Kwa sababu hiyo siyakubali maneno ya mtu anayesema maisha ni yake. Ndani ya Haisi ya watu waliobanana, maisha yake na ya wenzake yako mahali pamoja.

Nirudi kwenye ahadi yangu ya kutousifu mkanda kupita kiasi. Tarehe 11 Machi 2015, eneo la Changarawe karibu na Mafinga, basi lililotoka Mbeya kwenda Dar es Salaam lilikutana na lori, na kontena la lori hilo likaliangukia basi. Zaidi ya watu 40 walikufa. Pale ambapo dari na kuta za gari zimefutika, nafasi ya kuishi imefutika pia, na mkanda hauwezi kuirudisha. Vivyo hivyo kwa wengi waliokuwa mbele ya malori yaliyofeli breki. Mkanda hufanya kazi palipobaki nafasi ya mwili ndani ya gari. Ajali za namna ya Changarawe ndizo zinazokumbukwa na taifa zima, zikaombolezwa redioni na kutolewa salamu za rambirambi za Rais. Ajali za basi kulala ubavu, Noah kugonga kalavati au Kosta kugonga nyuma ya lori hutajwa siku moja zikasahauliwa. Katika hizo za pili, siti nyingi hubaki nzima na watu hufa kwa kurushwa. Ninaamini kumbukumbu zetu zimetupotosha: tumezichukua ajali zile kubwa mno kuwa kipimo, tukakata tamaa, tukasema ajali haina kinga.

Kauli hiyo naijua na sikusudii kumkejeli anayeisema, maana wengi huisema msibani. Lakini anayeisema hufunga mlango wake usiku, humchanja mtoto wake, na huning'iniza chandarua. Anajua ya Mungu ni ya Mungu na bado anafanya lililo lake. Barabarani pia kuna lililo letu.

Wapo wanaokataa mkanda kwa hofu ya kunaswa gari likiwaka moto au likitumbukia mtoni. Hofu hiyo inaeleweka kwa watu wanaosafiri pamoja na malori ya mafuta na kupita madaraja mengi. Lakini fikiri hatua kwa hatua. Moto na maji huja baada ya mshindo. Aliyezimia kwa kugonga kichwa, au aliyevunjika miguu yote, hatoki ndani ya moto hata kama hakuwa amefungwa. Aliyefungwa ana nafasi kubwa zaidi ya kuwa macho, na kubonyeza mkanda ufunguke ni kazi ya sekunde moja. La maana ni kujua pa kubonyeza kabla ya safari, gizani usianze kupapasa.

Tukija kwenye sheria, tunakuta sababu mojawapo ya mazoea yetu. Tunaongozwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Katika ripoti zake kuhusu usalama barabarani duniani, WHO imekuwa ikiiweka Tanzania kwenye kundi la nchi ambazo sheria ya mkanda inamgusa dereva na abiria wa mbele, haimfikii wa nyuma. Siyo kwamba sisi tulikuwa wazembe kuliko wengine. Mkanda wa pointi tatu, unaopita kiunoni na begani, ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959. Jimbo la Victoria nchini Australia ndilo lililotangulia kuulazimisha, mwaka 1970. Uingereza ilisubiri hadi 1983 kuwalazimisha watu wa siti za mbele, na watu wazima wa siti za nyuma walisubiri hadi 1991. Karibu kila nchi ilianzia mbele. Kosa ni kubaki pale pale tulipoanzia. Sheria isipomtaja mtu, trafiki hamwulizi. Trafiki asipomwuliza, konda hamwambii. Na mkanda ambao hakuna anayeuulizia, fundi wa siti anauficha chini ya kitambaa kipya siku anapobadilisha makava.

Hivyo ndivyo mkanda ulivyogeuka kuwa kitu cha kumridhisha askari. Madereva wanaopishana wanawashiana taa kuashiria kuna trafiki mbele, na papo hapo mikono inavuta mikanda. Wakishapita, inaachiwa. Kwenye magari madogo wapo wanaouchomeka mkanda kwanza kisha wakaukalia, ili tu ile kengele ya gari inyamaze. Faini ya shilingi 30,000 wanaijua vizuri. Zile tani 12 hawajawahi kuelezwa.

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoirithi SUMATRA mwaka 2019, pamoja na Kikosi cha Usalama Barabarani, wamekuwa wakiwahimiza abiria wa mabasi wafunge mikanda. Ni jambo jema. Lakini kuna sababu ya kiuchumi inayofanya wito huo upate wakati mgumu, hasa nje ya mabasi makubwa. Mkanda unahesabu watu. Siti yenye mikanda mitatu ni ya watu watatu. Haisi ya Uyole inayoweka wanne kwenye siti ya watatu, Noah ya vijijini inayobeba watu na mizigo hadi mlango ufungwe kwa kusukumwa, Kosta inayokalisha abiria kwenye ndoo kwenye njia ya katikati: zote hizo haziwezi kumfunga kila mtu mkanda. Konda anadaiwa hesabu ya bosi jioni, na mtu wa nne ndiye faida yake. Kumwambia akusanye nauli ya watatu na alete hesabu ya wanne ni kumweka kwenye mtego. Kwa hiyo anayetaka mikanda ifungwe kweli kweli katika usafiri wa Mbeya mjini, Mafinga au Tukuyu atalazimika kugusa nauli, idadi ya magari na mikataba kati ya mwenye gari na dereva wake. Matangazo peke yake hayatoshi.

Jirani zetu wa Kenya walilijaribu jambo hili kwa mkono mzito. Tarehe 1 Februari 2004, zikiwa zimetungwa kanuni mpya chini ya Waziri wa Uchukuzi John Michuki, kila matatu ilitakiwa kuwa na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa na mkanda kwa kila abiria. Siku za mwanzo matatu nyingi zilitoweka barabarani na watu wakaenda kazini kwa miguu. Kisha zikarudi, zikiwa na abiria 14 kwenye siti 14, jambo lililowashangaza hata wasafiri wenyewe. Baadaye usimamizi ulilegea. Mikanda ikachafuka, abiria wakawa hawaitaki kwa kuogopa nguo zao, mingine ikakatika bila kurekebishwa. Michuki alithibitisha kwamba mazoea yanaweza kubadilika kwa muda mfupi yakisimamiwa. Yaliyofuata yanaonyesha kwamba mkanda mchafu au mbovu hukataliwa hata na mtu aliyekwisha kuuelewa, na kwamba anayepaswa kuusafisha ni mwenye gari.

Hapa kwetu limeongezeka jambo jingine. Tangu Oktoba 2023, baada ya Serikali kuruhusu mabasi ya masafa marefu kusafiri saa 24, wengi wanaiona Kitonga wakiwa usingizini au hawaioni kabisa. Mtu aliye macho huona hatari akajikaza, akashika chuma, akainamisha kichwa. Hayo hayamwokoi sana, lakini aliyelala hana hata hayo. Tena hulaza siti nyuma kadiri inavyokubali, na hapo mkanda wa kiunoni hupanda kutoka kwenye nyonga hadi tumboni. Basi likigonga, mwili unateleza chini ya mkanda, na utumbo ndio unaobeba kani yote. Anayelala safarini na ajifunge, lakini siti asiilaze sana, na mkanda uwe chini ya tumbo, juu ya mapaja, ukigusa mifupa miwili ya nyonga.

Baridi nayo ina sehemu yake, na sijaona ikitajwa mara nyingi. Mwezi Juni na Julai, Iringa na Mbeya watu husafiri na makoti mazito, wengine wamejifunika mablanketi. Mkanda ukifungwa juu ya koti nene unaonekana umebana, kumbe umeacha nafasi. Ajali ikitokea, koti linabonyea na mwili unapata mwanya wa kurushwa kabla haujashikwa. Fungua koti, pitisha mkanda karibu na mwili, kisha jifunike blanketi juu yake. Mjamzito naye ajifunge: sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, na ile ya begani, kama ipo, ipite katikati ya matiti na kando ya tumbo. Kumwacha bila mkanda ni kumweka yeye na mtoto wake kwenye hatari kubwa zaidi.

Jambo gumu kuliko yote ni watoto, na hapa siwezi kutoa faraja rahisi. Mama wa Makambako anayempeleka mtoto wa kilo 10 kwa bibi yake Tukuyu humpakata. Anaamini mikono yake, na kwa mambo mengine yote mikono hiyo inatosha. Lakini gari la kilomita 50 kwa saa likisimama kwa mshindo, hata katika ile hali nzuri ya sentimita 60, mtoto huyo huvuta kama mzigo wa zaidi ya kilo 160. Hakuna mikono inayoushika. Mama asiyefungwa atamwangukia mtoto; wakifungwa wawili kwenye mkanda mmoja, uzito wa mama utamkandamiza mtoto kwenye mkanda. Kiti maalumu cha mtoto ndicho jibu la kweli, na mabasi yetu hayana, na familia nyingi hazina uwezo wa kukinunua. Kinachowezekana leo ni kwamba mtoto anayeweza kuketi mwenyewe akatiwe siti yake na afungwe mkanda wa kiunoni, badala ya kubanwa kati ya watu wazima wawili ili kuokoa nauli. Wa kupakatwa, mama mwenyewe ajifunge kwanza, amshike mtoto nje ya mkanda, na wakae mbali na siti ya kwanza inayotazama kioo cha mbele. Huo ni ulinzi pungufu. Wenye mabasi na LATRA wana deni kwa watoto hawa, nalo linaweza kuanza kulipwa kwa siti chache tu za watoto katika kila basi la masafa marefu.

Wenye magari binafsi nao wasijione salama kwa kuwa wana mifuko ya hewa. Gari nyingi ndogo tunazozinunua zikiwa zimetumika Japani zilisanifiwa mfuko wa hewa ufanye kazi pamoja na mkanda. Mfuko unafyatuka kwa kasi kubwa sana. Asiyefungwa anaufikia akiwa tayari amekwenda mbele, na unampiga usoni badala ya kumpokea. Mkanda wa begani una kifaa kinachoukaza ukivutwa ghafla. Uvute kwa nguvu kabla ya safari: usipokaza, peleka gari kwa fundi. Na mkanda uliowahi kushika mtu kwenye ajali kubwa ubadilishwe, kwa sababu nyuzi zake zimekwisha kuvutika.

Wabunge wa mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe wamewahi kuchangia misiba mingi ya barabara hii. Wanaweza kuchangia na hili: sheria itamke kwamba kila anayeketi kwenye siti yenye mkanda, mbele au nyuma, ajifunge, na kwamba gari la abiria lisilo na mikanda mizima lisipewe leseni. Upanuzi wa barabara Kitonga na Iwambi unahitaji mabilioni na miaka. Kifungu hiki kinahitaji karatasi na uamuzi.

Wewe unayesafiri wiki hii kutoka stendi ya Nane Nane Mbeya au Igumbilo Iringa, usiisubiri sheria hiyo. Ukishaketi, utafute mkanda wako. Kama umezama katikati ya siti, uchomoe; kama umefichwa na kava, mwite konda aufunue mbele yako. Ukiwa umekatika au haushiki, dai siti nyingine basi likiwa bado stendi, kwa upole na bila kurudi nyuma, kisha umwambie na jirani yako afunge wa kwake.